Asiyeshuka Hajafika

Hadithi hii nilipewa na Domitila, mwaka ule wa mvua za vuli zilizonyesha mpaka vyura wakaingia kanisani. Tulikuwa tumekaa barazani kwangu tukichambua maharage ya arusi ya mjukuu wangu, naye Domitila, mwanamke aliyepanda meli akiwa abiria akashuka akiwa mpishi, alikuwa akitoa vijiwe na kusimulia, akitoa vijiwe na kusimulia. Nchi yenyewe hakuitaja jina, na mimi sikumwuliza. Miguu yangu haikimbii tena kama zamani.

Katika nchi hiyo kiongozi haitwi rais wala mfalme. Huitwa Nahodha Mkuu. Wazee waliotunga katiba walipenda mifano, wakaandika kwamba uongozi ni safari, na nahodha akishamaliza safari mbili ashuke, ampishe mwingine. Walipokwisha kuandika hivyo wakafa, kama ilivyo desturi ya watu wema.

Nahodha Mkuu akamaliza safari ya kwanza, akamaliza na ya pili. Wananchi wakaenda na ngoma kumpokea ashuke. Hakushuka. Wakaitwa wanasheria, wale wavaao nywele za bandia, wakajifungia, wakala mbuzi, wakatoka na hekima yao: "Asiyeshuka hajafika." Yaani mtu akimaliza safari akaunganisha nyingine palepale alipokaa, basi hajamaliza kitu. Safari mfululizo ni safari moja. Bunge lilipiga makofi mpaka Spika akaagiza mafuta ya nazi ya kupaka viganja.

Sasa sheria ikishapita, lazima kila ofisi ionekane inaitii. Wakunga wakaagizwa kwamba mwanamke akizaa huku wa kwanza bado ananyonya, hiyo ni mimba moja, na watoto hao ni mmoja. Hapo Domitila alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mimi sikucheka, maana ndivyo nilivyozaa wangu. Na watu wa forodha, wao wakakumbuka kwamba kuna meli.

Meli ya taifa iliitwa Tumefika. Ilizunguka visiwa vya jirani na kurudi palepale ilipoondoka, watu wakila upepo. Mwenye kuiendesha aliitwa Msaidizi wa Usukani, kwa kuwa nahodha nchi nzima alikuwa mmoja. Ndani yake mlikuwa na duka lisilotozwa ushuru, na kinywaji cha ng'ambo ambacho hakijafunguliwa kilipatikana humo tu. Vile vya madukani mjini wakubwa walikuwa wamekwisha kuvionja, wakajazia maji. Kanuni ya duka ilikuwa fupi: kila abiria, kila safari, chupa moja.

Pantaleo hakuwa mlevi. Alikuwa fundi magodoro. Alijaza sufi, akaisindilia kwa mikono yake, akashona kingo kwa sindano ndefu kama kidole cha mchawi, na watu walisema godoro la Pantaleo humlaza hata mwenye kesi mahakamani. Kosa lake maishani lilikuwa moja: alilala yeye mwenyewe, tena mahali pabaya.

Ilikuwa matangani kwa baba mkwe wake. Pantaleo alikuwa amekesha akishona magodoro ya kulalia waombolezaji. Shemeji yake Kalisti, kaka wa mkewe, akasimama kutoa hotuba juu ya marehemu, hotuba iliyoanzia kwa babu wa babu na haikuwa na haraka ya kushuka. Pantaleo akasinzia. Kisha akakoroma. Angekoroma katikati ya maneno, huenda watu wangesamehe. Alikoroma pale Kalisti aliponyamaza ili watu walie.

Kesho yake wakwe wakamchukua Ansila, mkewe, wakarudi naye kwao. Pantaleo akawafuata, akapiga magoti uani.

"Ukoo wetu umekoromewa," akasema Kalisti, mkono mmoja kiunoni. "Umekoromewa mbele ya maiti wake. Utaleta chupa mbili za ng'ambo. Zimefungwa, hazijaguswa. Uzibebe kwa mkono wako, shingo kwa shingo, kamba moja."

"Haiwezekani nikaanza na moja, shemeji?"

"Moja?" Kalisti akarudi nyuma. "Nani kafa?"

Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Chupa mbili zilizofungwa pamoja ni amani. Chupa moja peke yake ni habari ya kifo. Mtu akionekana njiani na chupa moja mkononi, wanawake hufungua vilemba na kuanza kulia kabla hajasema anatoka wapi. Hakuna aliyejua ilianzaje, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuiacha.

"Na usipozileta kabla ulezi haujavunwa," akasema Kalisti, "Ansila anakwenda kwa Sosteni."

Sosteni alikuwa na mashine ya kusaga. Alikuwa mjane, ana jino la dhahabu, na mngurumo wa mashine ulikuwa umemla masikio, kwa hiyo alizungumza kwa kupiga kelele. Kalisti alimwona anafaa sana: ukimkoromea hasikii, naye akikoroma hajui.

Ansila akamsindikiza mumewe mpaka langoni. "Pantaleo, mtu wa kuniambia NIPE CHUMVI kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto, mimi simtaki. Lakini unatujua. Kaka akisema, hata ukuta huitikia. Fanya upesi, baba. Na nakuomba kitu kimoja, usilale."

Basi hakulala. Aliuza magodoro yote, hata lile alilokuwa akilalia yeye na Ansila, akakata tiketi mbili za kufuatana. Safari mbili, chupa mbili. Akaona katumia akili.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri, kama zinavyokwenda za kwanza. Alinunua chupa yake. Akaishika kwa muda wa mtu kusema "asante", kisha ikachukuliwa na Afisa Forodha wa meli, bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Zebedayo, mwenye filimbi shingoni. Zebedayo akaipiga lakiri nyekundu, akaiweka stoo nyuma ya wavu wa chuma.

"Utapewa mwisho wa safari," akasema.

Pantaleo hakuona ubaya. Kila alipopita aliichungulia chupa yake kwenye wavu, kama mtu anayemtazama mgonjwa hospitali.

Meli ikarudi bandarini. Pantaleo akawa wa kwanza stoo.

"Bwana Zebedayo, nimefuata ile chupa."

"Unashuka au unaendelea?"

"Nashuka kidogo, nimpe mke wangu anifichie, halafu naendelea."

Zebedayo akafumba macho kama mtu aliyetafuna mchanga. "Kushuka kidogo. Sheria haijui kidogo, ndugu yangu. Unaendelea?"

"Naendelea."

"Basi hujafika. Na chupa hutolewa kwa aliyefika. Hongera kwa kuendelea."

"Lakini hapa ni nyumbani! Mke wangu yule pale, namwona!"

"Kuona si kufika."

Ila meli ilipaswa kufagiliwa, kwa hiyo abiria wanaoendelea waliteremshwa kwenye gati na kusimamishwa ndani ya duara la chokaa. Aliyekuwa ndani ya duara hakuwa nchini wala hakuwa majini. Alikuwa njiani. Ng'ambo ya kamba walisimama Ansila na Kalisti.

"Umekonda," akasema Ansila.

"Silali."

"Iko wapi?"

"Iko ndani. Moja. Naifuata ya pili, nitashuka nazo zote. Ulezi vipi?"

"Umechanua."

Kalisti akakohoa. "Mwambie huyo, ukoo wetu hauletewi hadithi za chupa. Unaletewa chupa."

"Kaka, mwambie mwenyewe, si huyu hapa."

"Siongei na mtu ambaye hayuko nchini," akasema Kalisti.

Ansila akafungua pindo la kanga, akamrushia mumewe karanga za kukaanga. Nyingine zikaangukia ndani ya duara, nyingine nje. Pantaleo akainama kuziokota za nje, askari akaweka buti juu yake. "Hizi zimebaki nchini," akasema, akazila yeye.

Safari ya pili ilipoanza, Pantaleo akaenda dukani, akaomba chupa.

"Ulishanunua," akasema mama muuzaji.

"Ile ilikuwa ya safari ya kwanza, mama. Sasa nataka ya hii ya pili."

Mama wa watu akaangusha kitambaa alichokuwa akipangusia. Juu ya kichwa chake palitundikwa picha ya Nahodha Mkuu, akitazama mbali, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Shusha sauti," akasema. "Nani kakwambia kuna ya pili? Nina watoto, kaka. Nchi hii ina safari moja."

"Nami nimepanda mara mbili."

"Umepanda mara moja kwa muda mrefu. Chupa moja. Ondoka, unaniharibia duka."

Pantaleo akakaa sitahani akawaza. Akaona heri ashuke na hiyo moja, aifiche ndani ya shati isije ikalilisha watu njiani, halafu arudi siku nyingine kama mtu mpya aichukue ya pili. Meli ilipotia nanga akaenda stoo, akasema kwa sauti ya mtu aliyejifunza: "Siendelei. Nashuka. Safari yangu—"

Zebedayo akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usilimalize hilo neno," akamnong'oneza. "Sikiliza, nikufahamishe kama mdogo wangu. Ili nivunje lakiri, kanuni inanitaka nisimame hapa, nitamke mbele ya watu kwamba safari imekwisha. Ya nani? Watauliza, ya nani? Safari ni moja nchi nzima, na mwenyewe ni yule pale ukutani. Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu alitamka, tena alitamka kwa adabu. Siku hizi anachunga bata wa serikali kisiwa ambacho hakina bata."

"Basi nishuke bila chupa."

"Na chupa itakuwa ya nani? Chupa isiyo na mwenyewe ni magendo, na mwenyewe aliyeikimbia ni mhalifu. Huwezi kushuka bila chupa, na chupa haiwezi kushuka. Tulia. Kesho kuna ndizi."

Hivyo Pantaleo akaendelea. Meli ikazunguka, ikarudi, ikazunguka. Akagundua kwamba karibu abiria wote walikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wamepanda kwa kufurahi, kila mmoja akanunua chupa yake, na sasa wanazunguka nayo. Palikuwa na bwana arusi aliyekuwa ameota mvi. Palikuwa na katekista aliyenunua divai nchi ya kisiwani, akapanda nayo mkononi kwa uaminifu wake wote, akanyang'anywa mlangoni kwa sababu kilevi hakipandi melini isipokuwa kipo melini tayari.

Jikoni ndiko alikomkuta Domitila.

"Mimi nilinunua yangu nikasherehekee kustaafu," akamwambia. "Nikangoja, nikangoja, wakaona nimekaa bure, wakanipa mwiko. Njoo uoshe sufuria, we kaka. Ukikaa kule sitahani kuchungulia wavu utapata wazimu."

"Mke wangu anaolewa, dada."

"Basi osha kwa nguvu."

Kila waliporudi bandarini, Pantaleo alisimama ndani ya duara la chokaa na kutazama mlima nyuma ya mji. Ulezi ulianza kushika rangi. Mara nyingine ukawa hudhurungi upande mmoja. Alijaribu kupita kamba, askari wakamrudisha kwa vitako vya bunduki. Alijaribu kuuza chupa yake kwa abiria mwingine ili yeye ashuke, hakuna aliyetaka kufungwa mara mbili. Alimwandama Zebedayo mchana kutwa akimbembeleza alitamke lile neno japo kwa kunong'ona, japo chooni, mpaka Zebedayo naye akalia, akasema, "Unadhani mimi sina nyumbani?"

Mara ya mwisho Ansila hakuwa na karanga. Kope zake zilikuwa zimevimba.

"Wameanza kuvuna bondeni," akasema.

Kalisti safari hii alisahau kwamba haongei na mtu asiye nchini. "Meli ikirudi tena," akasema, "utakuta tunampeleka bibi arusi. Tutapita hapahapa gatini na ngoma, uone kwa macho yako. Sosteni kakubali."

"NIMEKUBALI!" akasema Sosteni, aliyekuwa kasimama nyuma yake, na ndege wote wa bandarini wakaruka.

"Ansila," akaita Pantaleo, "ningoje."

"Nakungoja mimi. Wao ndio hawangoji."

Safari hiyo ndiyo aliyopanda Nahodha Mkuu mwenyewe. Ilikuwa sikukuu ya kuadhimisha kutofika, na meli nzima ilipigwa rangi upande utakaotazamwa. Walimpandisha kwa matarumbeta. Akasimama juu ya sanduku, akahutubia.

"Ndugu zangu! Wapo wanaouliza, lini tutafika? Nami nawauliza: aliyefika, ana nini? Aliyefika hana mbele! Mbele yake ni mlango wa nyumba yake tu! Lakini sisi! Sisi tuna mbele, tena nyingi, na kila tukiikaribia, serikali yangu inaisogeza!"

Wakapiga makofi. Bwana arusi mwenye mvi akapiga sana, kwa vile askari alikuwa karibu.

Domitila alipopeleka chakula cha mchana alimwona Nahodha Mkuu kwa karibu. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoanikwa, na kijiko kilimponyoka. Nchini ilikuwa inafahamika kwamba Nahodha Mkuu halali. Redio ilisema kila asubuhi: wakati ninyi mmelala, yeye alikuwa macho. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa taabu yake. Tangu siku ile ya wanasheria aliogopa kwamba akilala, akaamka, atakuta mtu kasimama kando ya kitanda anamwambia amefika.

"Mtukufu," akasema Domitila akiokota kijiko, "jikoni kwangu kuna fundi magodoro anaosha sufuria."

Pantaleo akaitwa, mikono bado na povu. Akakuta mzee mfupi ameketi ukingoni mwa kitanda kikubwa.

"Mimi silali," akasema Nahodha Mkuu.

"Ndiyo, Mtukufu. Tunasikia redioni."

"Nakwambia silali, mwanangu!" Na sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotezwa sokoni. "Haya magodoro wananiletea kutoka ng'ambo, ndani yana vyuma. Nikigeuka, vyuma vinasema. Nishonee la kwetu. Kama la mama yangu."

"Sufi iko wapi, Mtukufu? Hapa ni majini."

Akatazama huku na huku, na macho yake yakatua ukutani, kwenye majaketi ya kujiokolea. Fundi hujua kilichomo ndani ya kitu. Yalikuwa ya zamani, yamejazwa sufi tupu. Akaogopa kusema, lakini Nahodha Mkuu alikuwa amefuata macho yake.

"Pasua," akaamuru.

Yakaletwa majaketi ya meli nzima. Abiria wakasimama wakitazama roho zao zikifumuliwa mishono. Waziri wa Habari, aliyekuwa katika msafara, akawatuliza: "Meli isiyofika haizami."

Pantaleo akashona. Tangu atoke nyumbani hakuwa ameshika sindano, na mikono ikamshukuru. Akasindilia pembe ya kichwani, akasindilia ubavu wa kulia. Honi ya meli ikalia, wanaingia bandarini; na kutoka mjini, mbali, ikasikika ngoma ya arusi. Mikono ikaharakisha. Pembe ya kushoto, upande wa miguuni, akaijaza upesi upesi, akaifunga.

Nahodha Mkuu akapanda, akajinyoosha. Godoro likapumua, likamkumbatia. Mlangoni walisimama Waziri, Zebedayo, na askari wote walioenea.

"Aaah," akasema. "Omba unachotaka, fundi."

"Chupa yangu, Mtukufu. Na nyingine moja kama inawezekana. Nishuke nikamkomboe mke wangu."

"Chukua. Chukua mbili."

"Bwana Forodha anasema lazima neno litamkwe kwanza."

"Neno gani?"

Ngoma ikasikika karibu zaidi, na juu yake sauti ya Sosteni, inaimba. Pantaleo akaona kwamba mtu anayezama hana maji ya kuogopa.

"Kwamba safari imekwisha."

Zebedayo akashika ukuta. Nahodha Mkuu akamtazama fundi kwa muda mrefu, kope zikimlemea. Midomo ikafunguka. Pantaleo akauona ulimi ukijiandaa, akainama kulipokea lile neno.

Likatoka koromo.

Likafuata la pili, nene, la mtu aliyeanza kulipwa usingizi wa miaka. Na hapo wakubwa wakaingia katika shida ambayo hakuna mwanasheria aliyeifikiria. Nani atamwamsha? Na nani atasema amelala, wakati redio imesema halali? Waziri akaweka kidole mdomoni. Injini ikazimwa. Meli ikajisogeza gatini kwa kusukumwa na maji tu. Bendera ilikuwa inapigapiga kwa upepo, baharia akaanza kuishusha. Kapi inayopitisha kamba ikalia kwii, akaiacha palepale katikati ya mlingoti.

Domitila akamvuta Pantaleo shati. "Kachukue," akanong'ona.

"Zebedayo atapiga filimbi."

"Aipige basi."

Pantaleo akavua viatu, akavitia kwapani. Akaenda stoo, akang'oa lakiri kwa kucha. Zebedayo akaja nyuma yake, filimbi mdomoni, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Lakini pumzi haikuthubutu kutoka. Na abiria walipoona hivyo, wote wakavua viatu. Wakapanga mstari bila kuambiwa na mtu. Kila mmoja akachukua yake, wakizishika mbali mbali zisigongane. Mkono wa Pantaleo ukatamani kunyakua na ya pili. Lakini kila chupa ilikuwa na mwenyewe kando yake, mwenye macho kama yake.

"Usiniangalie mimi," akanong'ona Domitila, akiikumbatia yake. "Hii nimeipikia."

Basi wakashuka. Watu wa arusi, waliokuwa wakifika gatini na ngoma, wakaona meli imeingia bila mlio wa injini. Wakaona bendera nusu mlingoti. Wakaona abiria wakiteremka ngazi, mmoja mmoja, miguu mitupu, hawasemi, kila mmoja ameshika chupa moja.

Ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Nani kafa?" akauliza Kalisti. Alikuwa amevaa kanzu mpya.

Pantaleo akaweka kidole mdomoni. Akageuka, akaonyesha meli kwa kidevu. Alitaka tu kusema: usimwamshe.

Kalisti akaitazama meli, akaitazama bendera, akapiga magoti palepale kwenye chokaa. Wanawake wakafungua vilemba. Askari wakaja mbio kwa ncha za vidole, wakinong'ona, "Msilie kwa sauti! Lieni kimyakimya!" Jambo ambalo liliondoa shaka yote, kwani katika nchi ile watu huzuiwa kulia pale tu panapostahili kulia. Mji mzima ukalia bila sauti. Redioni Waziri akanong'ona: "Nahodha Mkuu hajafa, wala hajalala. Anaendelea." Waliosikia wakazima redio, wakajifunga nguo za msiba.

"NANI KAFA?" akauliza Sosteni.

Watu wote wa arusi wakamrukia, wakamjaza kilemba mdomoni. Kila mtu akageuza sikio kwenye meli. Kimya. Koromo tu, ambalo wa gatini walidhani ni maji.

Sasa desturi yao ilikuwa hivi: msiba mkubwa huweka chini mambo madogo. Hakuna arusi, hakuna ugomvi, na mwanamke hukaa matanga kwenye jiko la mumewe. Ansila hakungoja mtu atafsiri. Akavua shela, akamkabidhi kaka yake, akapita chini ya kamba.

Kalisti akaipokea chupa ya Pantaleo kwa mikono miwili. Akaifungua kwa meno kama inavyotakiwa, akammwagia marehemu kidogo, nyingine akainywa yeye kwa uchungu. Akajifuta mdomo. "Zile mbili ziko palepale, shemeji," akanong'ona. "Matanga yakiisha."

Nyumbani hapakuwa na godoro. Ansila akatandika mkeka, jua la alasiri likiingia mlangoni. Nje mji ulikuwa umenyamaza. Majogoo walifungwa midomo kwa nyuzi, mashine ya Sosteni ilikuwa baridi. Wakajilaza.

"Ansila."

"Mh."

"Pembe ya kushoto, kule miguuni, sikuisindilia."

"Pembe ya nini?"

"Ya godoro lake. Nilisikia ngoma yenu nikaharakisha. Na ile sufi ni ya zamani, ina mabonge. Akigeukia kushoto, mguu utaingia shimoni, ataamka. Akiamka, hakuna msiba. Pasipo msiba, wewe unakwenda kwa Sosteni."

Ansila akamgeukia. "Huwa anageukia wapi?"

"Nitajuaje? Hajawahi kulala."

Akamwekea mkono kifuani. "Lala, Pantaleo."

"Uliniambia nisilale."

"Nilikwambia wakati ule. Sasa nakwambia lala. Ila usiko—" na usingizi ukamchukua yeye kabla hajalimaliza neno.

Pantaleo akabaki peke yake na masikio yake. Kitu kikalia bandarini. Akazuia pumzi. Ilikuwa kamba tu, inavutwa na maji. Akangoja honi. Haikulia. Akangoja tena. Kope zikamwangukia, akazifungua, zikaanguka. Akauma pindo la kanga ya mkewe ili asikorome, akashika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili kama mtu aliye melini, akalala.